Viatu vya Mlangoni

Basi la kutoka Ordu liliingia Edirne saa moja na nusu asubuhi. Nazmi alikuwa kituoni tangu saa kumi na moja. Alivaa koti lake la Idi, na katika mfuko wa ndani, upande wa moyo, alitia simu ya mkewe.

Mkewe Müzeyyen alikuwa na siku kumi na moja kaburini. Wageni hawakujua, na hawakutakiwa wajue mpaka jioni, pete ikishaingia kidoleni kwa Nilay.

Nilay ni mjukuu. Wazazi wake waliachana akiwa na miaka minne, kila mmoja akashika njia yake, Müzeyyen akamchukua mtoto na godoro lake akamlea. Sasa ana miaka ishirini na mitatu na amepata kijana, Koray, baharia wa meli za mizigo. Wazazi wa Koray ndio waliokuwa wanashuka kwenye basi. Wamekuja kuposa. Jumanne Koray angepanda meli, asirudi hata ipite miezi kumi na moja.

Yote hayo yangekuwa mepesi kama si Hamdi, baba yake Koray. Hamdi ni mkulima wa karanga za milimani, mtu mwema, lakini ana neno lake moja. Mwanawe wa kwanza alipotaka kuposa, mjomba wa yule binti alifariki wiki ileile. Wakaahirisha hadi arobaini. Arobaini ikawa mwaka. Mwaka haujaisha, binti akaolewa Samsun. Tangu hapo Hamdi amekula yamini, na alimwambia hata Müzeyyen kwenye simu, bila kujua kwamba anasema na mgonjwa: "Heri ikigongana na jeneza, mimi nageuza gari. Hiyo si heri yetu."

Müzeyyen alikata simu, akamwita mumewe kitandani.

"Nikitangulia, usimwambie mtu mpaka wavishane pete. Niapie."

"Acha maneno hayo."

"Niapie, Nazmi. Nisije nikawa jeneza la kumfungia mtoto mlango."

Akaapa. Siku ya sita akamzika.

Hamdi alishuka kwanza, mrefu, masharubu meupe, gunia la karanga begani. Nyuma yake alishuka mkewe, Zekiye, mama mfupi mwenye macho yasiyo na haraka. Alivaa viatu vipya vyeusi vyenye kisigino, na ilionekana toka ngazi ya kwanza kwamba vinamuuma.

"Karibu, bwana mkwe," Nazmi alisema.

"Usiniite mkwe bado," Hamdi akacheka, akamkumbatia. "Pete haijaonekana hata sanduku lake!"

Zekiye alitazama huku na huku. "Na dada Müzeyyen yuko wapi? Hakuja?"

Nazmi alikuwa ameyapanga maneno hayo usiku kucha. "Yuko Kırklareli. Dada yake amevunjika nyonga. Anamuuguza, wiki ya pili sasa."

"Siku ya kuposwa mjukuu wake?"

"Ni dada yake," Nazmi akasema.

Zekiye alimwangalia. "Mungu ampe nafuu," akasema.

Nyumbani Nilay alikuwa amesafisha kila kitu, na kusafisha kwenyewe kulikuwa kufuta. Picha ya bibi imeingia kabatini. Mtandio umetolewa msumarini. Dawa, fimbo, viti vya msiba vilivyoazimwa msikitini, vyote vimekwenda. Majirani waliokuwa wakija kusoma Yasini wameombwa leo wasije. Mlango umepakwa sabuni mpaka unanuka limau.

Wageni walivua viatu chini ya mzabibu ulio juu ya mlango. Hamdi aliingia upesi. Zekiye alikawia kizingitini, ameshika ukuta, anahangaika na kiatu kilichomganda mguuni.

"Nikusaidie, mama?" Nilay akauliza.

"Hapana, mwanangu. Naangalia tu pa kukiweka."

Walikula asubuhi: jibini, zeituni, mayai, asali. Nazmi alitumaini watalala. Mtu aliyepanda basi usiku mzima hulala. Lakini Hamdi alijipangusa masharubu akasimama.

"Tutembeze mji, mzee mwenzangu. Mara ya mwisho kuiona Edirne nilikuwa jeshini, bunduki begani na njaa tumboni."

"Hamjachoka?"

"Nimelala kilomita elfu moja! Nikilala tena nitaoza. Twende. Wanawake wa nyumba hii wapike kwa amani."

Alisema wanawake. Ndani ya nyumba alikuwamo mmoja tu.

Edirne si mji mkubwa kwa mtu aliyeuza mifagio miaka hamsini. Nazmi alifunga mifagio ya kufagilia, na alifunga ile ya maharusi, yenye vioo vidogo na shanga, ambayo binti hupelekwa nayo kwa mumewe. Yeye alifunga majani, Müzeyyen alishona vioo. Hakuna nyumba ya zamani mjini isiyo na mkono wao. Karibu kila mtu alimjua, na kila aliyemjua alijua amefiwa.

Aliwapitisha vichochoroni. Hamdi akalalamika kwamba anaonyeshwa migongo ya nyumba. Nazmi akasema kuna kivuli. Alipita upande wa pili wa barabara kumkwepa kinyozi. Aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka, mpaka mwuza magazeti akapita. Zekiye alimngoja, mguu mmoja ameuinua kidogo kama kuku.

"Una kamba za kiburi, bwana Nazmi," akasema. "Hii ni mara ya tatu."

"Ni za zamani."

Lakini Hamdi alitaka sabuni. Alisikia kwamba Edirne wanafinyanga sabuni mfano wa matunda, na dada zake watatu kila mmoja ametaka bakuli lake. Sabuni hizo zinauzwa katika soko la zamani lenye paa la matao, refu kama mtaro, na ukishaingia huna pa kukwepea. Nazmi aliingia kama mtu anayeingia maji ya baridi. Muuzaji wa duka la kwanza hakumjua. Wa la pili hakumjua. Hamdi akasimama la tatu, akaokota tofaa jekundu la sabuni, akalinusa.

Akatoka mwenye duka, İlyas. Akaacha mteja, akaja mikono miwili mbele.

"Nazmi! Makiwa, ndugu yangu! Nisamehe sikuja, nilikuwa Istanbul, habari nimeipata juzi."

Mdomo wa Nazmi ulijibu kabla hajauzuia. "Yamepita."

Akamkazia macho İlyas. İlyas alitazama wageni, akatazama lile koti la Idi, akabaki mdomo wazi.

Tofaa lilisimama hewani mkononi mwa Hamdi. "Nani amekufa?"

"Jirani," Nazmi akasema.

"Jirani?"

"Mwanamke mmoja. Tulikuwa mlango kwa mlango."

Hamdi akashusha pumzi, akalirudisha tofaa, akaokota pea. "Mungu amrehemu. Umenishtua, mzee. Jirani hahesabiki. Nilidhani ni wa nyumbani."

Zekiye hakuokota kitu. "Alikuwa mtu mwema, huyo jirani?"

"Alikuwa mtu mwema."

"Alikuwa na watoto?"

"Alilea."

"Akiitwa nani? Nimsomee Fatiha."

Nazmi aliinamia sabuni. Nyuma yake İlyas alikuwa anapanga ndimu za sabuni zilizokwisha kupangwa. "Fatiha inafika hata bila jina, dada," Nazmi akasema mwishowe.

"Ni kweli," akajibu Zekiye. Akafungua viganja palepale katikati ya soko, watu wanapita na mifuko, akasoma mpaka mwisho. Nazmi naye ikambidi asome. Akamsomea mkewe mbele ya watu wasiojua.

Au alidhani hawajui.

Walifika msikiti wa Selimiye. Hamdi alitazama minara minne mpaka kofia ikamdondoka. Penye mlango wakavua viatu, kila mtu akavishika mkononi. Zekiye alivua vyake akatoa sauti ndogo ya raha, na Nazmi akaona kisigino chake kimechubuka, soksi imeingia damu.

Hapo ndipo alipokumbuka.

Mtu akifa, viatu vyake hutolewa nje ya mlango. Ndivyo ilivyo ada. Huachwa nje, mwenye shida apite avichukue, na nyumba ikiona vimekwenda inajua kwamba marehemu amekwenda navyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyevitoa viatu vya Müzeyyen siku ya mazishi. Vya kahawia, vya kamba moja, kisigino cha kushoto kimelika upande. Alivipanga chini ya mzabibu. Siku kumi na moja hakuna aliyevichukua. Na siku kumi na moja yeye na Nilay walikuwa wanapita pale shingo juu, wasivione. Walijizoeza kutoviona mpaka kweli hawakuviona. Wameficha picha, wameficha dawa, na viatu wameviacha mlangoni kama ubao wa duka.

Na Zekiye alikawia kizingitini.

"Una nini?" Hamdi akamgusa. "Umekuwa mweupe kama nguzo."

"Jua."

"Jua gani? Tuko ndani!"

Walisimama chini ya kuba. Hamdi alitaka kuonyeshwa tulipu iliyochongwa kichwa chini kwenye nguzo ya marumaru; kila mgeni hutaka hiyo. Nazmi alipainamia, akawaonyesha kwa kidole. Ndogo, kama kidole gumba, imemomonywa na vidole vya watu.

"Kwa nini imepinduliwa?"

"Hapa palikuwa na bustani ya tulipu. Mwenyewe alikataa kuuza. Wajenzi wakambembeleza mpaka akakubali, kwa sharti tulipu ibaki. Wakaichonga. Wakaipindua kwa ubishi wake."

"Basi mke wangu wangemchonga nguzo nzima!" Hamdi akacheka, akajiziba mdomo.

Zekiye alikuwa bado ameinama kwenye lile ua. "Umesimulia kwa maneno machache, bwana Nazmi. Nani alikupa hadithi hii?"

"Mke wangu. Alikuwa anaisimulia vizuri kuliko mimi."

"Alikuwa?"

Sauti yake ilikuwa ya chini, ya msikitini. Nazmi aliukandamiza mfuko wenye ile simu.

"Zamani," akasema. "Siku hizi anachoka."

Zekiye akainuka taratibu, akitumia nguzo. "Huchoka mtu," akasema.

Kwenye duka la maini Nazmi alikuwa na tumaini moja. Mwenye duka, Sefer, alikwisha kuonywa. Nazmi alimwendea jana yake, akamweleza yote, na Sefer aliweka mkono kifuani akasema, "Niachie mimi." Sasa alitaka tu kuwaketisha wageni, aende nyuma, apige simu nyumbani viatu viondolewe kabla hawajarudi. Kama Zekiye aliviona, pengine aliviona kama viatu tu. Viatu ni viatu. Kila nyumba ina viatu mlangoni.

Sefer aliwapokea kwa kishindo. Maini yalikuwa yanakatwa membamba kama karatasi, yanatupwa unga, yanatumbukizwa kwenye karai la mafuta, yanatoka na mlio. Akaleta sahani tatu na pilipili kavu zilizokaangwa zikawa nyeusi.

"Hii pilipili inauma?" Hamdi akauliza.

"Inamuuma muongo tu," akasema Sefer.

Nazmi aliinuka kama aliyeng'atwa. "Nanawa mikono."

Nyuma, karibu na sinki, akatoa simu. Hakuwahi kuwa na simu yake. Hii iliwatosha yeye na mkewe. Kusoma hajui, lakini kitufe cha Nilay anakijua, kina tone la rangi ya kucha alilolitia Müzeyyen. Akakibonyeza. Simu ikapokelewa, kukawa kimya.

"Nilay?"

Kimya. Kisha pumzi. "Babu… limetokea jina la bibi. Limetokea 'Bibi'. Moyo wangu umesimama."

Hakuwa amelifikiria hilo. Akashika sinki. "Nisamehe, mwanangu. Sikiliza. Viatu. Vya mlangoni."

Alisikia kitu kikianguka jikoni, kifuniko cha sufuria. "Mungu wangu," Nilay akasema. "Vimekuwa pale?"

"Vitoe. Vitie popote."

"Wameviona?"

"Sijui."

Akarudi huku mikono inamtiririka maji. Alimkuta Sefer amesimama mezani, mkono kiunoni, anawasaidia.

"… shemeji Müzeyyen? Ah! Simba jike! Jana hii alikuwa hapo hapo ulipokaa, dada. Sahani mbili! Namwambia punguza, ananiambia Sefer, mimi nitakuzika wewe!"

Nazmi alisimama pale alipofika.

"Jana?" Hamdi akauliza, mdomo umejaa. "Si yuko Kırklareli wiki ya pili?"

Sefer akamtazama Nazmi. Jasho likamtoka juu ya mdomo. "Jana… Jana ya mwezi uliopita. Sisi wa maini siku zote ni jana."

"Siku zote ni jana!" Hamdi alimpiga Sefer mgongoni. "Huyu mtu wa ajabu. Lete nyingine."

Zekiye alikuwa anakula. Alikula polepole, akamaliza pilipili moja, akachukua ya pili, na machozi yakamlengalenga. Huenda ni pilipili. Akamsogezea Nazmi sahani.

"Kula, bwana Nazmi. Tangu asubuhi hujatia kitu kinywani. Nimekuhesabia. Zeituni moja."

Akala. Hakusikia ladha.

Walikwenda mtoni kunywa chai, kwa sababu Hamdi alitaka daraja, na kwa sababu Zekiye hakuweza tena kutembea. Alivua viatu chini ya meza, akaweka miguu kwenye nyasi. Maji ya Meriç yalikuwa machache, rangi ya chai ya maziwa. Hamdi alishuka kuyaangalia kwa karibu, mikono nyuma, kama anayetaka kununua mto.

Wakabaki wawili.

"Mimi na Müzeyyen tumezungumza mara nne kwenye simu," Zekiye akasema. "Umewahi kusikia mtu usiyemwona ukampenda?"

"Ndiyo," Nazmi akasema.

"Mara ya mwisho alikuwa anahema. Nikamwambia kapumzike. Akasema nitapumzika, dada, kazi yangu imebaki moja." Alifungua mkoba. "Ngoja nimsalimie. Nisije nikaposa mtoto wake kama mwizi."

"Hatapokea," Nazmi akasema upesi. "Hospitali hawataki simu."

"Nitajaribu. Ikikataa, imekataa."

Akabonyeza, akaiweka sikioni, akatazama maji.

Simu ikatetemeka kifuani mwa Nazmi.

Haikuwa na sauti. Nilay alikwisha kuizima sauti. Ilitetemeka tu, ndani ya koti la Idi. Mara ya kwanza. Ya pili. Nazmi alishika kibilauri cha chai kwa mikono yote miwili, na chai ikaanza kucheza, akakiweka chini, kijiko kikalia kwenye kisahani. Mara ya tano. Ya sita. Alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa limefika kwenye meno. Akaona kitanda, akaona mkono wake ukibanwa, niapie, Nazmi. Mara ya nane.

Ikanyamaza.

"Hapokei," Zekiye akasema. Akarudisha simu mkobani. Hakumtazama. "Unajua, bwana Nazmi, sisi ni watu wa milimani. Tunaweza kubeba mzigo wa mtu. Ila atuambie ni mzigo gani."

Hamdi akarudi na jiwe mkononi. "Huu mto wenu umelala. Wa kwetu ungekuwa umeshaniosha kofia. Twende, jioni imekaribia, Koray atakuwa ameingia."

Koray alikuwa mlangoni pa uani na shada la maua na sanduku la chokoleti, amenyolewa vizuri, hana raha. Yeye alijua. Nilay humweleza kila kitu. Alimbusu baba mkono, akambusu mama mkono, akambusu Nazmi, na mkono wa Nazmi aliushika zaidi kidogo.

Nilay alifungua. Nguo ya samawati, macho mekundu ya kitunguu, au si ya kitunguu. Hamdi alikuwa tayari anainama kuvua viatu.

"Subiri," Zekiye akasema.

Alisimama chini ya mzabibu. Alikuwa anatazama sakafu, upande wa kushoto wa mlango. Hapakuwa na kitu pale. Alama mbili tu safi za nyayo kwenye vigae, na kuzizunguka vumbi la siku nyingi.

"Asubuhi palikuwa na viatu hapa," akasema. "Vya kahawia. Kimoja kilikuwa na jani la mzabibu ndani, limekauka. Vimekwenda wapi?"

Koray alishusha maua. Nilay alishika fremu ya mlango.

"Vya nani, bwana Nazmi?"

"Vya mke wangu."

"Amerudi kuvichukua?"

Njia ilikuwa wazi. Amerudi, kavichukua, kaondoka tena, dada yake anaumwa. Maneno kumi na yamekwisha, na ndani pete zinangoja kwenye sinia na utepe wao mwekundu. Aliapa. Mkono ule ulikuwa umemkamata kwa nguvu kuliko mkono wa mgonjwa.

Akatazama vile vigae. Siku kumi na moja hakuwa amevitazama.

"Hatarudi," akasema. "Leo ni siku ya kumi na moja."

Hamdi alibaki ameinama, kamba mkononi. Kisha akanyooka. Mfuko wa sabuni ulimwanguka, tofaa moja likabingirika mpaka miguuni pa mwanawe.

"Jirani," akasema taratibu. "Mlango kwa mlango."

"Ndiyo."

"Umenitembeza mji mzima na maiti mfukoni."

"Ndiyo."

"Baba," Koray akasema.

"Wewe nyamaza, naona hata wewe ulijua! Zekiye, chukua mkoba wako. Mimi nilisema. Nilisema kwa simu, nilisema kwa mdomo wangu. Heri ikigongana na jeneza…"

"Hamdi."

"… nageuza gari!"

"Gari gani? Umekuja na basi," Zekiye akasema. "Mimi nimejua saa mbili asubuhi. Kama ni kugeuza, tungegeuza kabla ya maini."

Hamdi akamgeukia. "Ulijua? Na ukala?"

"Sahani nzima. Kwetu viatu havitolewi? Mama yako, nani aliyemtolea vyake?" Kisha akamgeukia Nazmi, na macho yake hayakuwa na haraka. "Siku nzima nilikuwa nakufungulia mlango, hupiti. Sokoni nikakufungulia. Mtoni nikakufungulia. Nilisema, nikifika kizingitini nitamfungulia mara ya mwisho. Ungeniambia amerudi, nisingevuka. Nisingemchukua binti kwenye nyumba isiyosema."

"Aliniapisha," Nazmi akasema. "Alisema asije akamfungia mtoto mlango."

Zekiye akauweka mkoba wake chini. "Hata mimi ningekuapisha," akasema.

"Na mwanetu mkubwa?" Hamdi akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Umesahau?"

"Sikusahau. Yule binti hakuchukuliwa na jeneza, Hamdi. Tulimchosha sisi, kwa kungoja. Jeneza lilikuwa limeshapita zamani."

Ndege walikuwa wanagombana kwenye mzabibu. Hamdi alisimama, anatafuna ncha ya sharubu. Alimtazama mwanawe mwenye maua. Alimtazama Nilay mlangoni, aliyekuwa halii, anangoja tu, mikono imeshuka. Nazmi hakuinua uso. Alikuwa anatazama viatu vya Hamdi, vya kamba, vya udongo wa Ordu, vitageukia wapi.

Hamdi akainama. Akafungua kamba ya kulia. Akafungua ya kushoto. Akavivua, akaviweka ukutani, akaingia kizingitini kwa soksi, akampa Nazmi mkono.

"Makiwa, bwana mkwe," akasema.

"Yamepita," Nazmi akasema, na hapo akalia.

Chokoleti haikufunguliwa, na redio haikuwashwa. Nilay alitoa picha kabatini, akairudisha ukutani kwanza, ndipo akapika kahawa. Ya Koray akaitia chumvi, kama ilivyo ada, na Zekiye akamwambia aongeze, marehemu asione wanambania. Koray akainywa yote bila kukunja uso. Hamdi akasema maneno ya kuposa, kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume. Nazmi akajibu kwamba wao wawili wamependana, mzee aseme nini. Akawavisha pete mbili zilizounganishwa na ule utepe, kisha akaukata kwa mkasi wa Müzeyyen, ule wa kukatia nyuzi za vioo. Ikabidi akate mara mbili.

Wageni walipoaga kwenda hoteli, kulikuwa bado na mwanga. Zekiye alitazama viatu vyake vyeusi mlangoni kama mtu anayetazama mbwa aliyemuuma.

"Nilay," akasema, "vile vya kahawia umevitia wapi?"

Nilay akamtazama babu yake. Nazmi akaitikia kwa kichwa. Vilikuwa kwenye pipa la unga. Nilay akavileta, akavikung'uta, akavipanga pale pale kwenye zile alama mbili safi.

Zekiye akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Akafunga kamba.

"Si huachwa kwa mwenye shida?" akasema. "Mimi nina shida tangu saa moja na nusu asubuhi."

Akaagana nao, akashika vyake vyeusi mkononi, akashuka kichochoro nyuma ya mumewe. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande, kwa hiyo naye akawa anaegemea kushoto kidogo anapotembea. Nazmi alisimama chini ya mzabibu akavitazama mpaka vikakata kona.